Asilimia Kumi na Tano ya Mwisho

Kuna nchi, msiniulize iko upande gani wa ramani, maana huko ramani zenyewe zimezuiwa mpaka zihakikiwe, ambayo serikali yake inawapenda watu wake kupita kiasi. Inawapenda wakila, inawapenda wakilala, inawapenda hata pale wanapoomba wapumzishwe kidogo. Na kwa mapenzi hayohayo, mwaka ule ilikaa ikatunga Sheria ya Karata.

Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Kucheza poka kwenye simu, ruhusa. Kucheza poka nyumbani kwako, kwa karata za kushika mkononi, pamoja na watu unaowajua kwa majina, kosa la jinai. Waziri wa Bahati na Maadili alijitokeza mwenyewe kwenye televisheni kufafanua, ili asije mtu akasema hakuelewa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mtu anayecheza na simu anacheza peke yake. Akishindwa, hamnunii jirani. Akilia, analia chooni kwa ustaarabu. Lakini hawa wanaokaa duara majumbani mwao, hawa wanatazamana! Wanatazamana machoni, saa nzima, wakijaribu kujua mwenzao anawaza nini. Serikali yoyote makini haiwezi kuvumilia wananchi watazamane machoni bila kibali."

Alipomaliza akavua kofia yake akawapungia watu. Kofia ilikuwa na nembo ya kampuni ya poka ya simu, lakini hilo lilitokea kwa bahati tu, na bahati ndiyo wizara yake.

Raya aliisikia hotuba ile akiwa kwenye cherehani, mtoto wake amelala mgongoni, anashona sare za shule. Mguu ukasimama juu ya pedali. Si kwamba yeye alikuwa mchezaji. Ree na mfalme, hajui nani anamla mwenzake. Aliyemfanya asimame ni baba yake, aliyekaa dirishani anaangalia nje kama abiria.

Mzee Shaame alikuwa mchambuzi wa barua Posta Kuu kwa miaka thelathini na mmoja. Barua ikipita mkononi mwake haikupotea. Lakini miaka miwili iliyopita yeye mwenyewe alianza kupotea. Alisahau funguo, kila mtu husahau funguo. Akasahau njia ya kwenda msikitini. Akasahau kwamba mkewe amefariki, akawa anamuulizia kila mchana chakula kikitengwa, na kila mchana Raya akawa anampa tanzia upya. Mwisho akamsahau Raya. Alimwita nesi. "Ahsante, nesi. Mungu akulipe, nesi," kwa adabu ya mtu aliyelazwa ugenini, na adabu ile ilimkata Raya maini kuliko ambavyo tusi lingemkata.

Isipokuwa Alhamisi.

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri walikuja wenzake wawili wa Posta: Mzee Ngwali, aliyekuwa akipiga mihuri, na Bi Ruzuna, aliyekuwa akiuza stempu dirisha la tatu. Walicheza poka. Walijifunza kazini, kutoka kijitabu kilichokuwa ndani ya kifurushi kilichochanika na ambacho mwenyewe hakutokea. Pesa hawakuwahi kuziweka dau, kwa sababu ya dini na kwa sababu pensheni yao ilishachezwa na wengine huko juu. Dau lao lilikuwa habari. Anayebaki mpaka mwisho kisha akashindwa analipa kwa kusimulia kisa cha zamani, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka.

Na Mzee Shaame, ambaye hakujua leo ni mwezi gani, akishikishwa karata vidole vyake viliamka. Aligawa kama anayetupa barua kwenye vijumba vyake: hii kwako, hii kwako, hii kwangu.

"Mwangalieni uso," Mzee Ngwali alikuwa akilalamika. "Zamani nilikuwa namsoma kama gazeti. Siku hizi utamsoma nini? Hata yeye mwenyewe hajui ameshika nini."

"Cheza, Ngwali," Bi Ruzuna humwambia. "Wewe uliyekuwa ukipiga muhuri juu ya kidole chako una lipi la kumsema mtu?"

Akishindwa, Mzee Shaame alilipa kisa kilekile. Kwamba siku moja ya mvua iliingia Posta bahasha isiyo na mtaa wala sanduku wala mji. Imeandikwa "Kwa Raya", basi. Kanuni zilisema barua ya namna hiyo ichomwe baada ya siku thelathini. Yeye hakuichoma. Aliiweka kijumba cha juu kabisa, na kwa miezi kumi na moja akawa anamuuliza kila mwanamke aliyefika dirishani: samahani mama, wewe si Raya? Mpaka mchana mmoja akaitwa hospitali, mkunga akamwekea mtoto mikononi. Akamtazama. Akamwambia: "Kumbe ndiyo kwanza unafika! Barua yako ipo, Raya."

Akifika hapo, kila Alhamisi, aligeuza shingo, akamwona binti yake amesimama na birika, na uso ukamfunguka kama mlango.

"Raya, mwanangu! Mbona chai haina tangawizi?"

Saa moja, pengine moja na nusu, Raya alikuwa na baba. Kisha wazee wanaaga, na kabla ya magharibi anakuwa nesi tena. Lakini saa moja kwa wiki, kwa mtu aliyeizoea, ni kitu kikubwa. Watu wameishi kwa pungufu ya hapo.

*

Alhamisi ya kwanza ya Sheria, wazee walihamia barazani. Wazo lilikuwa la Bi Ruzuna.

"Sheria imesema nyumbani," alisema, akijiweka sawa kwenye lile benchi la mawe lililojengwa kwenye ukuta wa mbele. "Hapa ni nyumbani? Mlango uko nyuma yangu. Mimi niko nje."

"Nje ni hadharani," alisema Afisa Lufunga, aliyefika mapema kuliko chai. Alikuwa kijana wa Mamlaka ya Bahati, sare bado ina mikunjo ya dukani, na heshima yake ilikuwa ya kweli, jambo lililowapa shida wote. "Shikamooni wazee wangu. Kucheza hadharani ni kosa la kifungu cha tisa."

"Marahaba, mwanangu. Basi tuko ndani."

"Ndani ni kifungu cha nane, mama."

"Sasa baraza ni ndani au ni nje?"

Afisa Lufunga alifungua kitabu cha sheria, akakipekua mpaka jalada la nyuma. Sheria ile ilinakiliwa nzima kutoka nchi moja ya baridi, ambako nyumba huishia mlangoni na atakayekaa nje ya mlango atakufa kwa theluji. Baraza haikutajwa.

Serikali haikulipuuza jambo hilo. Iliunda Tume ya Baraza, wataalamu tisa, ikawapeleka kulekule kwenye nchi ya baridi wakachunguze. Walikaa miezi miwili wakitafuta baraza. Hawakuona hata moja. Wakarudi na ripoti kwamba baraza ni kitu kisichokuwepo, hivyo mtu aliyekaa barazani hajakaa popote, na mtu asiyekuwa popote hawezi kupewa kibali cha kucheza hapo alipo.

Muda wote huo karata zilikuwa zimefungiwa kwenye mfuko wa ushahidi. Alhamisi nane zikapita. Raya alizihesabu kama mjamzito anavyohesabu. Alijaribu kumsimulia baba yake mwenyewe kisa cha bahasha akimlisha uji, naye mzee akamsikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Na wewe, nesi, una watoto?"

*

"Kwa nini msicheze kwenye simu?" Afisa Lufunga alimshauri Raya kwa nia njema. "Mnaweza mkakaa hapohapo, duara hilohilo, kila mtu na simu yake. Ni halali kabisa mradi msitazamane."

Raya akaazima simu mbili, ya tatu ikawa yake. Mzee Ngwali akajisajili, akaambiwa karibu sana. Bi Ruzuna akajisajili, akaambiwa amependeza kwenye picha, naye akakubali kwamba mashine ile ina macho. Ikaja zamu ya Mzee Shaame. Raya akamwandikia jina, akamwandikia tarehe, akampiga picha. Simu ikasema kwa sauti tamu ya kike kwamba, kwa usalama wake, mteja ajibu mwenyewe kwa mdomo wake swali moja la siri.

"Jina la mtoto wako wa kwanza ni nani?"

Mzee Shaame akaitazama simu. Akamtazama Ngwali. Raya alikuwa amesimama mbele yake kabisa, magoti yanagusana, kinywa wazi, na kanuni zinakataza kumsaidia mteja.

"Nesi," alisema taratibu, "muulize huyu mama ndani ya kisanduku. Ananijua?"

"Jibu si sahihi," simu ikasema. Ikamuuliza tena mara mbili. Kisha ikatoa muziki mzuri wa kuaga. "Samahani. Wewe si wewe. Akaunti hii imefungwa moja kwa moja."

Bi Ruzuna akaizima simu yake, akaiweka kifudifudi kwenye mkeka kama anayefunika kitu kilichokufa.

*

Ikabaki njia moja, kibali maalumu cha mchezo wa nyumbani. Raya alivaa baibui lake la kutokea, akajifunga mtoto mgongoni, akachukua na cheti chake cha masomo ya jioni, asije mtu akamdharau. Makao makuu ya Mamlaka ya Bahati ni jengo la ghorofa kumi na mbili lenye lifti inayokwenda juu tu. Dirishani alimkuta bibi mmoja mwenye miwani na mihuri mitano.

"Jina la mchezo?"

"Poka."

"Wachezaji wangapi?"

"Watatu. Wote wastaafu."

"Sheria inataka wanne. Watatu ni njama. Nani wa nne?"

"Niandike mimi," Raya akasema, ingawa hajawahi kushika hata karata moja.

"Dau?"

"Hawaweki pesa, mama. Wanasimuliana habari."

Bibi akainua kichwa. Akaita mwenzake, mwenzake akaita mkubwa, mkubwa akaja na kikombe chake cha kahawa. Wakasimama watatu wanamtazama Raya kama watu wanaotazama nyumba inayovuja.

"Sikiliza, binti," mkubwa alisema. "Sheria inasema dau ni kitu chochote chenye thamani. Sasa nakuuliza, na ujibu kwa makini kwa sababu naandika. Hizo habari za wazee wako zina thamani, au hazina?"

"Nikisema hazina?"

"Basi huo si mchezo, hauhitaji kibali, na hatuna la kukupa. Itabaki mkusanyiko wa wazee watatu wasio na shughuli inayoeleweka, ambalo ni suala la polisi."

"Na nikisema zina?"

"Mtapata kibali leo hii. Na Mamlaka itachukua asilimia kumi na tano ya kila dau, kama inavyochukua kwa kila mtu. Hatubagui."

Raya angeweza kutafuta maneno ya katikati. Masomo ya jioni yalimfundisha maneno mengi ya katikati. Lakini akilini alimwona baba yake akiitunza ile bahasha miezi kumi na moja, anamuuliza kila mwanamke dirishani, na ulimi ukakataa.

"Zina thamani," alisema. "Zina thamani sana."

Pa! pa! pa! Mihuri mitano ikashuka.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia, mtoto anacheka mgongoni. Alikuwa ameshinda serikali, ndivyo alivyodhani. Asilimia kumi na tano ya habari! Watazichukuaje, kwa kisu?

*

Walizichukua kwa bendera.

Afisa Lufunga alikuja Alhamisi iliyofuata na karata kwenye mfuko wa ushahidi, kiti chake mwenyewe, saa, kalamu, bahasha za kaki na kibendera chekundu. Kibali kilisema nyumbani bila kutaja ndani wala nje, hivyo wakakaa palepale barazani. Alikuwa ametoka kozi ya wiki sita ya kutambua miisho.

"Utaratibu ni huu, wazee wangu," akasema, na alionekana anaona haya. "Mtu akisimulia, nikihisi imebaki asilimia kumi na tano, nitainua bendera. Atanyamaza. Sehemu iliyobaki ataninong'oneza mimi sikioni, nitaiandika, nitaifunga, itakwenda kwenye Ghala la Taifa la Miisho. Ninyi wengine hamruhusiwi kuisikia wala kuibashiri."

"Kwa nini mchukue mwisho?" Bi Ruzuna aliuliza. "Si mchukue mwanzo? Mwanzo wa kisa hauna kitu, mtu anataja hali ya hewa tu."

"Walifanya utafiti, mama. Wakaona thamani yote imejificha huko mwishoni."

Kisha Mzee Ngwali akapiga chafya, akaikatiza katikati, akamgeukia afisa macho yakimtoka. "Niimalize, au nayo ina asilimia?"

Wakacheka, hata Lufunga. Wakacheza. Karata zilipomfikia Mzee Shaame vidole viliamka vilevile. Raya, aliyekaa wa nne kwa mujibu wa sheria, alizitupa zake bila kuziangalia na kumwangalia baba tu. Baba alishindwa. Akakohoa. Akaanza.

Mvua. Bahasha. "Kwa Raya", basi. Kijumba cha juu. Wanawake dirishani, miezi kumi na moja. Hospitali. Mkunga akaja na kifurushi cha kanga...

Bendera ikapanda.

Mzee Shaame akanyamaza. Siku zote alikuwa mtu wa kufuata kanuni, isipokuwa ile moja. Akainama kwa Afisa Lufunga, akaweka kiganja kuzunguka sikio la yule kijana, akanong'ona. Raya aliona midomo ya baba yake ikifanya jina lake. Hakulisikia. Kalamu ikaandika, ulimi wa Lufunga ukalamba gundi, bahasha ikafungwa.

Baba akageuza shingo kama kawaida yake. Macho yakapita juu ya Raya, juu ya birika, yakarudi kwa afisa, yakatulia hapo. Uso ukafunguka.

"Mwanangu," alimwambia Lufunga kwa furaha. "Mbona hujanywa chai?"

Na kwa Raya, kwa adabu: "Nesi, mpe mwanangu chai."

Raya akamimina. Kwa haki, chai ilikuwa na tangawizi.

*

Ikawa hivyo Alhamisi baada ya Alhamisi. Serikali ilikusanya miisho nchi nzima kwa mafanikio makubwa. Siku ya sherehe za taifa Waziri wa Bahati na Maadili alipanda jukwaani, akasimulia jinsi alivyoposa. Hadithi ilianza vibaya, ikaenda vibaya, lakini ilimalizika kwa maneno mazuri mno: "Akanipa chenji, na ndani ya chenji akatia ndiyo." Uwanja mzima ukatokwa machozi.

Bi Ruzuna aliiona kwenye televisheni ya jirani. "Hiyo ni yangu!" alipiga kelele. "Hiyo ni mimi na marehemu, dirisha la tatu! Yule mtu hajawahi kusimama foleni maisha yake!" Tangu siku hiyo akawa anasimulia visa visivyo na kitu, vya bei ya vitunguu, ili serikali ichukue mwisho wa vitunguu. Lakini Mzee Shaame hakuwa na visa vingine. Alikuwa nacho kimoja, na kila wiki alikilipia ushuru, na kila wiki aliinuka akiwa na deni la uso mmoja, wa binti yake.

Raya akaenda Ghala la Taifa la Miisho. Lina ukubwa wa viwanja vitatu vya mpira, na madirisha mawili, moja la kupokea na moja lililofungwa. Alikwenda kwenye la kupokea.

"Naomba kurudishiwa bahasha," alisema. "Ya Mzee Shaame. Moja tu, katika zote."

"Thibitisha ni yenu," alisema karani. "Ndani kuna nini?"

"Kuna jina langu. 'Barua yako ipo, Raya.'"

Karani akaileta, akaifungua, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sahihi kabisa, neno kwa neno. Sasa kwa kuwa unakijua kilichomo, huna haja ya kurudishiwa."

"Si mimi ninayeihitaji, kaka yangu. Ni baba."

"Basi baba aje mwenyewe ajitambulishe."

"Hawezi kujitambulisha. Ndiyo maana anaihitaji."

Karani alikuwa mtu mwema, watu wa nchi ile wengi ni wema. Alifikiri mpaka akakuna kidevu. "Dada yangu," akasema mwisho, "hapa nilipo, hata mimi nikitoka jioni siruhusiwi kusimulia siku yangu ilivyokwisha." Akaifunga bahasha upya, gundi mpya, akairudisha ndani.

Nje ya ghala Raya alikaa kwenye ngazi akamnyonyesha mtoto. Mwanawe alinyonya mkono mmoja umeshika kidole cha mama, anamtazama kwa yale macho ya watoto wadogo, yasiyopepesa, kama mtu anayesoma anwani. Raya akamwambia jina lake. Akaliweka mwanzo kabisa, kabla ya kitu kingine chochote. "Raya. Mimi ni Raya, mama yako." Mtoto akaacha ziwa, akacheka.

Hapo ndipo alipoinuka na kwenda kumgongea mlango Bi Ruzuna, amfundishe poka.

*

Alimfundisha siku sita. Alhamisi ya pili ya mwezi ule, Raya alikaa wa nne, na kwa mara ya kwanza aliziangalia karata zake. Alikuwa na bibi watatu na ree mbili. Bi Ruzuna, aliyekaa ubavuni kwake na asiyeona haya kuchungulia, akameza mate. Mkono kama ule yeye mwenyewe alikuwa ameuona mara moja tu, na aliyeushika alikuwa akistaafu siku hiyo.

Mzee Ngwali akatupa. Bi Ruzuna akatupa. Akabaki Mzee Shaame, uso wake mweupe kama karatasi isiyoandikwa, akigonga mkeka kwa kidole: naongeza.

Raya akazifunika zake, akazilaza chini.

"Nimeshindwa," alisema. "Nalipa."

"We mtoto!" Mzee Ngwali alikuwa ameshazinyanyua kutazama. "Umerukwa na akili? Bibi watatu hawa!"

"Mwache," alisema Bi Ruzuna.

Afisa Lufunga akashika kibendera. Akatazama saa. Raya akachukua kikombe chake cha chai, akamgeukia baba yake, akasogea mpaka magoti yakagusana.

"Raya ni binti yako," akaanza. "Wewe ni Shaame wa Posta Kuu, na Raya ni binti yako, na ndiye huyu mwenye kikombe. Barua yake ulikuwa nayo kabla yeye hajazaliwa. Ulimwita jina mkunga alipomweka mikononi mwako, na hakulia. Alipokuwa mdogo ulimpeleka kazini Jumamosi akabandika stempu, akazibandika juu chini, na hukumgombeza, ukasema mfalme wa pichani amepiga mbizi. Alipoacha shule hukusema neno. Alipozaa, naye akataka kurudi masomo ya jioni, wewe ndiye uliyesimama nje ya dirisha la darasa na mjukuu begani, kila jioni, muhula mzima. Mwalimu alikuwa akiuliza, yule bawabu mpya ni nani? Na Raya alikuwa akisimama mbele ya darasa lote anasema: si bawabu, ni baba yangu."

Mzee Shaame alikuwa amesahau karata. Alimsikiliza ameinamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akiinamisha kusoma mwandiko mbaya. Macho yakapanda polepole kutoka kwenye kikombe mpaka kwenye uso wa aliyekishika. Yakakaa pale. Kitu fulani ndani yake kilikuwa kinatafuta kijumba.

"Ikawa siku moja..." Raya akasema.

Lufunga aliinua bendera. Aliinua kwa uzito, nusu ya mkono tu, lakini aliinua.

Raya akanyamaza.

"Ikawaje?" aliuliza Mzee Shaame.

"Iliyobaki ni ya serikali, baba."

Akainama kwa afisa. Kwa karibu vile, Lufunga alinuka sabuni ya mche na gundi. Raya akaweka kiganja kuzunguka sikio lake, akamnong'oneza sehemu yao, asilimia kumi na tano kamili, bila kuwapunja: kwamba siku moja baba yake alimsahau, na hakumkumbuka tena.

Kalamu haikutembea.

"Dada Raya," kijana alisema kwa sauti ya chini, "niandike hivyohivyo?"

"Andika hivyohivyo. Uifunge vizuri. Isirudi."

Akaandika. Akailamba gundi mara mbili, ya kwanza haikushika. Barazani, pale mahali ambapo kwa mujibu wa Tume hapapo, Mzee Ngwali alikuwa ametoa leso yake anaifuta miwani asiyoivaa.

Mzee Shaame akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyeshiba.

"Ana bahati huyo mtoto," alisema. "Hadithi inayoanza hivyo haiwezi kuisha vibaya."

Akazikusanya karata zote kwa viganja vyake viwili, akazichanganya taratibu, akaziweka mbele ya binti yake.

"Haya, nesi. Kata."

Raya akakata.